Aliyekaa pembeni kwenye sherehe, usikimbilie kusema anaringa

Kila sherehe ya familia humpata mtu wa kuzungumzwa baada ya wageni kuondoka, na mara nyingi si bwana harusi wala mshereheshaji. Ni mjomba aliyekaa kwenye kona jioni nzima bila kuchangia neno. Ni shangazi aliyeaga kabla keki haijakatwa. Ni mkwe aliyeshinda jikoni hadi picha ya pamoja ikapigwa bila yeye.

Hukumu hutolewa wakati vyombo vikioshwa. Mmoja atasema mjomba anaringa, mwingine atakumbusha ugomvi wa shamba la babu, wa tatu ataongeza kwamba tangu ahamie mjini amebadilika. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: hivi huyu ni mzima kweli?

Swali hilo lina uzito. Juni 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti ya tume yake inayoshughulikia uhusiano wa kijamii. Ripoti hiyo ilieleza kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vinavyokadiriwa kufikia 871,000 kila mwaka.

Wanaodhani upweke ni shida ya Wazungu wanaoishi peke yao kwenye maghorofa watashangaa. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, katika nchi zenye kipato cha chini takriban asilimia 24 ya watu walisema wanajihisi wapweke, wakati katika nchi tajiri ni takriban asilimia 11.

Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na ukoo wa watu 200 waliopewa kadi za mwaliko na bado akawa mpweke katikati yao. Upweke hauhesabiwi kwa idadi ya watu waliokuzunguka. Ni pengo kati ya uhusiano ambao mtu anautamani na ule alionao.

Pengo hilo huonekana kwa urahisi zaidi watu wanapokutana. Ndiyo maana harusi, sendofu, kipaimara, akika, Idi na Krismasi vinaweza kuisaidia familia kugundua tatizo la kiafya mapema, iwapo yupo anayetazama.

Jicho la anayekuja mara moja kwa mwaka

Mabadiliko mengi ya afya huja polepole. Masikio hayazibi kwa siku moja, kumbukumbu haipotei kwa wiki moja, na sonona mara nyingi huingia kimyakimya. Anayeishi na mgonjwa huzoea. Huongeza sauti ya televisheni bila kujiuliza kwa nini, hurudia sentensi mara mbili, na baada ya muda huona ni kawaida ya nyumba hiyo.

Mtoto anayesafiri kutoka Mwanza kwenda Moshi kwa ajili ya Krismasi, au anayerudi Tanga kula Idi, ana kitu ambacho waliobaki nyumbani hawana. Anamkumbuka baba wa mwaka jana, kisha anamwona baba wa mwaka huu. Tofauti kati ya hao wawili ni taarifa ambayo hata daktari anayemwona mzee huyo kwa mara ya kwanza hawezi kuwa nayo.

Hapo ndipo penye kanuni ya kwanza. Usimlinganishe mtu na wengine, mlinganishe na yeye mwenyewe. Wapo watu wakimya tangu utotoni, wanaopenda kukaa pembeni, kusikiliza na kwenda kulala mapema. Hao hawana tatizo na wala hawahitaji kuburutwa kwenda kucheza kwaito. Anayestahili kuangaliwa ni yule aliyekuwa anaongoza nyimbo na sasa haimbi, aliyekuwa anagawa nyama na sasa hasogelei jiko, aliyekuwa wa mwisho kuondoka na sasa ni wa kwanza.

Kwa mtazamaji wa kawaida, mambo matatu yanatosha: amekaa wapi, anaongea wakati gani, na ameondoka saa ngapi.

Mazungumzo hayabebi watu wengi

Kabla ya kumtilia mtu shaka ni vizuri kujua jinsi mkusanyiko unavyojipanga wenyewe. Wageni wakifika hufuata salamu, shikamoo na marahaba, za siku nyingi na za huko mtokako. Baada ya hapo watu hujigawa bila kuambiwa. Wanaume hujikusanya chini ya mti au karibu na nyama, akina mama huelekea kwenye masufuria, vijana husogea karibu na muziki, na wazee hupelekwa kwenye viti vilivyotandikwa vitambaa.

Ndani ya makundi hayo kuna makundi madogo zaidi. Mwaka 1995, mwanasayansi wa Uingereza Robin Dunbar na wenzake walichapisha utafiti uliochunguza watu wakizungumza kwa hiari kwenye mikusanyiko. Waligundua kuwa mazungumzo mamoja kwa kawaida hayazidi watu wanne. Akiongezeka wa tano, ama kundi linagawanyika, ama mmoja anabaki msikilizaji.

Hivyo meza ya ukumbini yenye viti kumi haina mazungumzo ya watu kumi. Ina mazungumzo mawili, matatu au manne, na daima kuna mtu aliyeangukia kati ya kundi moja na jingine. Kumwona mtu amenyamaza kwa dakika tano si dalili ya chochote. Huenda anasubiri tu pa kuingilia.

Kwa kawaida mtu wa namna hiyo baada ya muda hugeuka upande wa pili, husimama kwenda kusalimia meza nyingine, au huitwa na mwenzake. Wa kumtazama ni yule ambaye saa mbili zimepita, makundi yamevunjika na kujiunda upya mara kadhaa, na yeye hajaingia hata moja.

Mzee anayecheka kwa kuchelewa

Chukua mfano wa mzee wa miaka 68 kwenye harusi ya mjukuu wake. Amevaa suti, ameketi meza ya mbele. Wenzake wakicheka naye anacheka, lakini sekunde moja baadaye, baada ya kutazama nyuso zao. Akiulizwa swali anatikisa kichwa. Akiulizwa amekuja na nani, anajibu kwamba chakula ni kizuri. Ikifika saa tatu usiku anaomba apelekwe nyumbani, kichwa kinamuuma.

Watu watasema uzee umemfanya mkali. Yawezekana tatizo ni masikio.

Usikivu unaopungua kwa umri kwa kawaida huanzia kwenye sauti nyembamba. Mzee bado anasikia ngoma, gari na sauti nzito za wanaume, hivyo yeye mwenyewe hukataa kwamba hasikii. Anachopoteza ni konsonanti kama s, sh, f, t na p, zile zinazotenganisha neno moja na jingine. Kwake maneno "pika", "fika" na "shika" yanakaribia kuwa neno moja. Sauti za watoto na za wanawake wengi huwa ngumu zaidi kuzielewa.

Nyumbani kwenye utulivu anaweza kuziba mapengo hayo kwa kukisia. Ukumbini hawezi. Mwaka 1953 mtafiti wa Uingereza, Colin Cherry, alichunguza uwezo wa ubongo kuchagua sauti moja katikati ya sauti nyingi, uwezo ambao watu wenye usikivu mzuri huutumia bila hata kujua. Masikio yakidhoofika, kazi hiyo huwa nzito. Mzee hutumia nguvu nyingi kufuatilia mazungumzo, huchoka na mwishowe huacha kujaribu. Kichwa kuuma ni sehemu ya uchovu huo.

Halafu kuna jambo ambalo familia hulifanya kwa nia njema. Kwa heshima, wazee huketishwa mbele kabisa. Kwenye kumbi nyingi, mbele ndiko ziliko spika.

WHO inaeleza kuwa sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa kwa usalama hadi saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa nne tu. Mwaka 2022 shirika hilo lilitoa mwongozo unaotaka wastani wa sauti kwenye kumbi na maeneo ya burudani usizidi desibeli 100. Mtu anayelazimika kumpigia kelele sikioni jirani yake wa kiti cha pili amekwishapata jibu kwamba muziki umezidi.

Anayeachwa na mazungumzo huachwa na mengine pia. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, ilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa yanaweza kuzuia au kuchelewesha takriban asilimia 45 ya matukio ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kupungua kwa usikivu ni moja ya yale yenye uzito mkubwa zaidi kwenye orodha hiyo, na kutengwa na watu kumo pia.

Utafiti mwingine uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2023 uliwafuatilia kwa miaka mitatu watu 977 wenye umri wa miaka 70 hadi 84. Kwa washiriki wote kwa ujumla, matibabu ya usikivu, vikiwamo vifaa vya kusaidia kusikia, hayakuleta tofauti kubwa kwenye akili. Lakini kwa wale waliokuwa kwenye hatari zaidi ya kupoteza kumbukumbu, kasi ya akili kudhoofika ilipungua kwa karibu nusu. Kifaa cha sikio si dawa ya kumbukumbu, ila kumwacha mzee bila kusikia si jambo dogo.

Maswali yanayowafukuza wageni

Si kila anayekaa pembeni amesukumwa na mwili wake. Wengine husukumwa na maneno ya ndugu.

Mara nyingi shangazi anayeaga mapema amekwishajibu swali moja mara nne kwa saa moja. Kwa aliye kwenye ndoa huulizwa "mtoto lini?" Kwa asiyeolewa huulizwa "na wewe kadi yako tunaisubiri." Anayeuliza anadhani anatania, na kila mmoja anauliza mara moja tu. Anayeulizwa ndiye anayebeba jumla yake.

Mwaka 2023 WHO ilitangaza kuwa takriban mtu mmoja kati ya sita, sawa na asilimia 17.5 ya watu wazima duniani, hupitia tatizo la kutopata mtoto katika maisha yake. Chanzo kinaweza kuwa kwa mwanamke, kwa mwanamume au kwa wote wawili. Kwenye sherehe yenye wageni 200, si rahisi kukosa watu wanaobeba jambo hilo kifuani. Wapo pia waliopoteza mimba wiki chache zilizopita na hawajamwambia mtu.

Mgeni wa aina hiyo mwaka wa kwanza huondoka mapema. Mwaka wa pili huchelewa kufika. Mwaka wa tatu hutuma mchango na kuomba radhi kwamba kazi zimembana. Familia hudhani amejitenga, kumbe kila mwaka amekuwa akikwepa swali moja.

Mjane naye ana njia yake. Wakati wa msiba nyumba hujaa, na baada ya arobaini kila mtu hurudi kwake. Kwenye sherehe ya kwanza bila mwenzi wake hajui akae na nani, kwa sababu marafiki wa zamani wamekuja wawili wawili. Akichagua kiti cha mlangoni, si lazima awe na haraka ya kuondoka.

Mama mwenye mtoto mchanga

Kwenye sherehe, mama aliyejifungua karibuni huzungukwa na watu ambao hawamtazami yeye. Wanamtazama mtoto. Mtoto huzungushwa mikononi mwa bibi, mashangazi na binamu, hufananishwa na babu yake, hupewa noti. Mama anabaki na khanga na chupa ya uji.

Anaweza kutumia nafasi hiyo kupumzika, na ni haki yake. Lakini kama anamkabidhi mtoto bila kumfuatilia hata kwa macho, kama analia chooni, kama ndugu aliyemzoea anamwona hana hamu ya chakula, ya kujipamba wala ya kuzungumza, sonona baada ya kujifungua inapaswa kufikiriwa. WHO inakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea takriban asilimia 19.8 ya wanawake hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Ni karibu mama mmoja kati ya watano.

Mama huyo akiambiwa "mshukuru Mungu, wenzako wanatafuta," hunyamaza. Kunyamaza kwake huchukuliwa kuwa ameelewa, na hapo ndipo msaada huchelewa.

"Leo sikukuu, onja kidogo"

Kuna anayejitenga kwa sababu kukaa na kundi ni hatari kwake. Mwenye kisukari anayejua kwamba kila meza atakayopita atasukumiwa soda na keki. Aliyeacha pombe miezi minane iliyopita ambaye rafiki zake wa zamani wamekwishamwagizia bila kumuuliza. Mtu huyo akisimama peke yake nje akiongea na simu, huenda anajilinda.

Nguvu ya kundi si jambo la kupuuza. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch nchini Marekani aliwaweka vijana wa chuo katika makundi na kuwaonyesha mistari, wataje upi unalingana kwa urefu na mwingine. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Lakini wote kwenye kundi isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa na mtafiti, na mara kwa mara walitoa jibu la uongo kwa pamoja. Takriban robo tatu ya vijana waliojaribiwa walilifuata kundi kwenye kosa angalau mara moja, ingawa macho yao yaliona vizuri.

Ikiwa mtu huweza kuyakana macho yake mbele ya watu asiowajua, si ajabu kwamba hushindwa kukataa glasi inayotolewa na kaka yake mwenyewe.

Jaribio hilo hilo lina upande wa matumaini. Asch alipoweka mtu mmoja tu mwingine aliyetoa jibu sahihi, makosa ya kulifuata kundi yalishuka hadi kama robo ya yalivyokuwa. Mtu mmoja alitosha. Kwenye sherehe mtu huyo ni ndugu anayesema, "na mimi nipeni maji." Hana haja ya kutoa hotuba wala kutangaza kwamba mwenzake ni mgonjwa.

Vijana na simu zao

Wakubwa wengi hulalamika kwamba vijana wanakuja kwenye sherehe na kuzamia kwenye simu. Malalamiko hayo yana ukweli, lakini hayasemi yote. Ripoti ya WHO ya mwaka 2025 inaonyesha kuwa kati ya asilimia 17 na 21 ya wenye umri wa miaka 13 hadi 29 walisema wanajihisi wapweke, na walioathirika zaidi ni walio chini ya miaka 20. Mzee na kijana wanaokaa pande mbili za ukumbi huenda wana tatizo linalofanana.

Kijana anayetazama simu huku akicheka na wenzake na kuonyeshana picha yuko ndani ya kundi. Anayetazama simu akiwa ameipa mgongo meza ya rika lake, asiyeinua kichwa hata anapopita binamu aliyekuwa akicheza naye kila likizo, anahitaji mtu wa kukaa karibu naye. Kumpokonya simu mbele ya wageni humwongezea aibu bila kumpa mazungumzo.

Cha kufanya bila kumwaibisha mtu

Kutazama si kupeleleza, na kumjali mtu si kumtangaza. Hatari ya habari kama hizi ni kwamba msomaji anaweza kwenda kwenye sherehe ijayo na kuanza kuwagawia ndugu magonjwa. Anayeona mabadiliko anapaswa kuanza kwa kusogea karibu. Kupachika jina la ugonjwa si kazi yake.

Kwa mzee mwenye masikio mazito, kiti kihamishwe mbali na spika, mahali penye mwanga, mgongo wake ukielekea ukutani ili kelele zisimjie kutoka nyuma. Wapelekewe mtu mmoja au wawili wa kuzungumza naye, si meza nzima. Aitwe kwa jina kwanza, atazame uso wa msemaji, ndipo aambiwe. Kupaza sauti sana hakusaidii, kwani hupotosha maneno. Kusema polepole na wazi husaidia.

Asipoelewa, sentensi isemwe kwa maneno mengine. Jibu la "basi, si kitu" linamwambia kwamba hastahili kurudiwa, na akilisikia mara kadhaa huacha kuuliza.

Kwa dijei na mshereheshaji, nusu saa ya muziki wa chini wakati wa chakula haitaharibu sherehe. Ndiyo nusu saa ambayo wazee wengi watazungumza.

Kwa mgeni anayechoshwa na maswali, ndugu aliye karibu anaweza kubadili mada kabla jibu halijadaiwa. "Dada, njoo unisaidie huku" imewaokoa wengi. Kwa mama mchanga, swali la kwanza liwe juu yake: umelala saa ngapi, umekula nini, nani anakusaidia usiku. Kwa aliyefiwa, kumtaja marehemu kwa jina mara nyingi ni faraja, maana hofu yake kubwa ni kwamba wengine wamemsahau.

Dalili zisizosubiri

Yapo mabadiliko ambayo hayamalizwi kwa kuhamisha kiti. Mzee anayeuliza swali lile lile mara tatu ndani ya saa moja, anayepotea njia ya kutoka chooni kurudi mezani, au anayemwita mwanawe kwa jina la ndugu aliyefariki zamani na haoni kosa, apelekwe hospitali. Familia isiishie kusema ni uzee, wala isianze kutafuta nani amemroga.

Usikivu unaopungua upimwe. Wakati mwingine chanzo ni nta iliyoziba au maambukizi, vitu vinavyotibika. Baadhi ya dawa pia huathiri masikio, hivyo mgonjwa aende na dawa zake zote. Sikio linaloziba ghafla ndani ya saa au siku chache ni dharura, lisisubiri mwisho wa mwezi.

Wataalamu ni wachache, na hilo lisemwe wazi: ripoti ya WHO ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa takriban asilimia 78 ya nchi zenye kipato cha chini zina chini ya daktari bingwa mmoja wa masikio, pua na koo kwa kila watu milioni moja. Ndiyo sababu ya kuanza mapema, kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na kuomba rufaa.

Huzuni au kukosa hamu ya mambo yote, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ni kigezo ambacho wahudumu wa afya hukitumia kufikiria sonona. Mtu akisema maisha hayana maana au kwamba heri asingekuwepo, hata kama amesema kwa kucheka, asiachwe peke yake na apelekwe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Kamati iongeze jukumu moja

Familia nyingi zikiandaa shughuli huunda kamati. Kuna wa chakula, wa mapambo, wa usafiri, wa vinywaji na wa kukusanya michango. Kila mmoja anatoa taarifa kwenye kikao, na senti inayopungua hujulikana siku hiyo hiyo.

Kuongeza jukumu moja hakugharimu kitu. Achaguliwe mtu mmoja, mtulivu na asiye na maneno mengi, ambaye kazi yake ni kupita meza hadi meza na kuangalia nani yuko peke yake kwa muda mrefu. Asiandike, asitangaze. Akae naye dakika kumi, kisha amlete mwingine.

Halafu kikao cha kuvunja kamati kikishapokea hesabu za michango, wanandugu wa karibu wajiulize: nani mwaka huu hakuwa kama mwaka jana? Majina yakitajwa, agawiwe mtu wa kumpigia kila mmoja kabla wiki haijaisha, si kumuuliza kwa nini alinuna, bali kumwambia kwamba alionekana, na kwamba kama kuna mahali pa kwenda kupimwa, hatakwenda peke yake.